Kunakili DVD ya harusi: kwa nini kompyuta inadai nafasi ya muda, na jinsi ya kuiandaa

Unaingiza DVD ya harusi kwenye laptopu, unabofya kunakili, na kabla hata hujatoa DVD tupu kwenye kava lake kompyuta inakuandikia kwamba nafasi kwenye diski C haitoshi. Mtu ana haki ya kushangaa. Sihifadhi kitu humu, nahamisha tu kutoka diski hii kwenda ile, nafasi ya nini? Vijana wengi wa steshenari hawahangaiki na swali hilo. Wanafuta faili moja baada ya jingine mpaka ujumbe uache kujitokeza, halafu wanaendelea. Kazi inakwenda, ila kuna siku faili lililofutwa huwa ni la mteja.

Jibu fupi ni kwamba kunakili diski ya video ni kazi mbili zilizofichwa nyuma ya kitufe kimoja. Ya kwanza ni kusoma, ya pili ni kuchoma, na katikati yake kilichosomwa lazima kikae mahali. Ukishajua kinakaa wapi na kinakula kiasi gani, hutavifuta vitu vya watu na hutaharibu DVD tupu bure.

Nitatumia mfano wa DVD za nyumbani: harusi, sendofu, mahafali, zile ambazo mpiga video alizichoma mwenyewe. Filamu za madukani ni habari nyingine. Nyingi zimefungwa kwa usimbaji uitwao CSS, na funguo zake ziko kwenye eneo la diski ambalo DVD tupu ya kawaida haikubali kuandikwa, kwa hiyo nakala ghafi haichezi hata ukiwa na nafasi ya kumwaga. Isitoshe kuna sheria: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Hata mkanda wa harusi yako mwenyewe, kama unataka kutoa nakala kwa wingi, ongea kwanza na aliyeupiga.

Kwa nini isiende moja kwa moja

Sababu ya kwanza inaonekana kwa macho: laptopu ina trei moja. DVD yenye video lazima itoke ndipo DVD tupu iingie, na video haiwezi kuning'inia hewani wakati unabadilisha. Kwa nini isikae kwenye RAM? Kwa sababu DVD ya kawaida iliyojaa ina gigabaiti 4.7, na laptopu nyingi zinazofanya kazi hii bado zina RAM ya gigabaiti 4, ambayo Windows imeshameza sehemu yake kubwa kabla hujafungua chochote. Inabaki diski kuu.

Sababu ya pili haionekani, nayo ndiyo inayowahusu hata wenye kompyuta ya mezani yenye draivu mbili. Leza ya kuchoma haipendi kusubiri. Kasi ya 1x ya DVD ni takriban kilobaiti 1,385 kwa sekunde; ukichoma kwa 8x, leza inadai kama megabaiti 11 kila sekunde bila kupumzika. Draivu ina bafa, yaani kumbukumbu yake ndogo ya akiba, na katika draivu nyingi ni megabaiti 2 tu. Gawa 2 kwa 11 uone: akiba hiyo inaisha chini ya moja ya tano ya sekunde. Sasa weka upande wa pili DVD ya zamani yenye mikwaruzo. Draivu ikifika penye mkwaruzo inarudia kusoma, inapunguza mzunguko, inarudia tena. Unaisikia ikivuma, ikinyamaza, ikivuma. Sekunde kadhaa zinapita bila baiti hata moja kutoka, na huku nyuma bafa ilishakauka.

Fundi wa nyumba hamwagi zege la slebu huku saruji ikiwa bado iko barabarani. Anataka kila kitu kiwe saiti, kwa sababu akikatisha katikati atabakiwa na mshono. Faili linaloandikwa kwenye diski kuu kabla ya kuchoma ni mzigo uliokwisha kufika saiti.

Zamani bafa ikikauka diski tupu ilikuwa imekwenda. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta BURN-Proof, teknolojia ya kuisimamisha leza na kuianzisha tena pale pale ilipoishia, na leo karibu kila draivu ina kitu cha namna hiyo. Ni kinga nzuri. Lakini kinga ni ya dharura. Mimi sichomi nikiitegemea, hasa nakala ikiwa inakwenda kuchezwa kwenye deki kongwe ya bibi kijijini.

Sababu ya tatu inakuja pale usipotaka nakala ya moja kwa moja bali unataka kubana, kuondoa menyu au kuunganisha diski mbili. Fungua DVD yoyote ya video utaona folda la VIDEO_TS. Ndani yake kuna faili za VOB zenye picha na sauti, kila moja ikiwa haizidi gigabaiti 1, na kuna vifaili vidogo vya IFO pamoja na nakala zao za akiba za BUP. IFO ni dira ya deki: inaeleza kila sura ya video inaanzia sekta ya ngapi, sekta ikiwa ni kipande kidogo cha diski chenye namba yake. Kwenye diski, IFO inakaa kabla ya VOB zake. Yaani kinachoandikwa mwanzo kinategemea ukubwa wa vitu vitakavyoandikwa baadaye. Ukibana video, namba zote za sekta zinabadilika, na programu haiwezi kuandika IFO sahihi mpaka VOB ya mwisho iwe tayari. Hakuna njia ya mkato hapo. Kila kitu lazima kikamilike kwenye diski kuu kwanza. Ukibana kwa pasi mbili ndiyo zaidi, kwa kuwa pasi ya kwanza inapitia video nzima ili kujua wapi kuna mambo mengi, kama ngoma na watu wanaocheza, na wapi kuna mtu mmoja amesimama akitoa hotuba, ndipo pasi ya pili igawe ubora ipasavyo.

Hesabu kabla ya kugusa kitu

Kuna jambo linalowachanganya watu hapa. Kwenye kava la DVD tupu imeandikwa 4.7, lakini Windows ikikuonyesha diski hiyo hiyo ikiwa imejaa inasema kama 4.38. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu kwa 1,073,741,824. DVD ya tabaka mbili, iliyoandikwa 8.5, kwenye Windows inaonekana kama 7.96. Na SSD uliyonunua kama ya gigabaiti 120 inaonekana kama 111.8. Chagua namna moja ya kuhesabu uishike. Mimi natumia ile ya Windows kwa sababu ndiyo ninayoiona kwenye skrini.

Nakala ya moja kwa moja ya DVD ya kawaida inadai 4.38 kwa faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima. Ya tabaka mbili inadai 7.96. Kubana diski ya tabaka mbili iingie kwenye DVD ya kawaida kunadai zote mbili kwa wakati mmoja, asili na matokeo, yaani zaidi kidogo ya 12. Kama programu yako inatoa VIDEO_TS kwanza kisha inaigeuza kuwa ISO, ongeza 4.38 nyingine. VCD za zamani hazina shida, kwa kuwa CD yote ni kama megabaiti 700.

Wenye kazi kubwa ni wanaohamisha kanda za MiniDV kwenda DVD. Video ghafi ya DV inakula kama gigabaiti 13 kwa saa. Harusi ya saa mbili ni 26, kisha unaibadilisha kuwa MPEG-2, aina ya video ambayo DVD inatumia, ya kiasi cha 4.4, kisha programu inajenga VIDEO_TS nyingine ya 4.4, kisha ISO ya 4.4. Jumla inakaribia 39 kwa harusi moja, na hapo hujahesabu sehemu ulizokata ukaamua kubaki nazo. Ndiyo maana studio ikifanya kazi tatu kwa mpigo diski inajaa na hakuna anayeelewa imejaa nini.

Juu ya hesabu yoyote utakayopata, acha gigabaiti kumi hivi zikiwa tupu kwenye diski C. Windows nayo inatumia diski kuu kama nyongeza ya RAM, na ukiibana hadi ukingoni kompyuta itaanza kukwama katikati ya kuchoma, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Hatua ya 1: Pima diski ya asili

Kwenye Windows fungua This PC, bofya kitufe cha kulia juu ya draivu ya DVD, chagua Properties, usome nafasi iliyotumika. Kwenye Linux andika `isosize /dev/sr0` upate idadi ya baiti. DVD nyingi za harusi hazijajaa. Unaweza kukuta 3.1 tu, ukaokoa muda wa kusafisha.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuweka faili la muda

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua, kwa sababu kuna mambo mawili tofauti ya kuangalia: ukubwa wa nafasi na aina ya mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga faili zake.

Flashi nyingi na diski za nje za zamani zimeandaliwa kwa FAT32. Mfumo huo haukubali faili moja linalofika gigabaiti 4. ISO ya 4.38 haiingii, hata kama flashi ni ya 64 na iko tupu kabisa, na ujumbe unaoupata wakati mwingine ni ule ule wa nafasi kutotosha. Mtu anafuta, anafuta, hakuna kinachobadilika. Angalia Properties ya diski hiyo. Ikiwa ni FAT32, tumia nyingine yenye NTFS au exFAT, au hamisha vilivyomo kwanza kisha uiformati upya. Kuiformati kunafuta kila kitu, usisahau. Programu ya ImgBurn inaweza kukwepa kikwazo hiki kwa kulikata faili vipande vipande, lakini vipande hivyo baadaye vinasumbua kufunguliwa na programu nyingine.

Ukiwa na diski D yenye nafasi, itumie hiyo, C uiache ipumue. Diski ya nje ya USB 3.0 inafaa pia. Ya USB 2.0 itafanya kazi ukichoma kwa 4x au 8x, ila usiibandike kwenye kigawanyio kimoja na draivu ya DVD ya nje, maana zote mbili zitagombania njia moja.

Watumiaji wa Linux wana mtego wao. Kwenye mifumo kama Fedora, folda la /tmp halikai kwenye diski bali kwenye RAM, na kwa kawaida linaruhusiwa kutumia hadi nusu ya RAM yote. Kompyuta ya RAM 8 inakupa 4, na DVD iliyojaa inadai 4.38. Andika `df -h /tmp`. Ukiona neno tmpfs, peleka faili la muda kwenye folda lako la nyumbani.

Hatua ya 3: Ielekeze programu huko

Programu haijui kwamba D ina nafasi mpaka uiambie. ImgBurn ni rahisi: ukichagua kutengeneza faili kutoka kwenye diski, kuna sehemu ya kuandika faili litakwenda wapi. Bofya, chagua D, andika jina. K3b ya Linux ina sehemu ya folda la muda kwenye dirisha lenyewe la kunakili.

Uchomaji wa Windows yenyewe, ule wa kuburuta faili kwenye draivu, umejificha kidogo. Ukichagua namna ya With a CD/DVD player, kila unachoburuta kinanakiliwa kwanza kwenye folda la muda ndani ya C. Kulibadilisha, bofya kulia juu ya draivu ya DVD, chagua Properties, kisha kichupo cha Recording. Hapo utaona sehemu ya kuchagua diski ya kuhifadhia faili za muda.

Hatua ya 4: Soma

Pangusa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Kisha soma. Kama diski ni nzima, ImgBurn inamaliza kwa dakika chache.

Kama ina mikwaruzo, faida ya nafasi ya muda inaonekana waziwazi, kwa sababu sasa unaweza kusoma polepole, ukasimamisha, ukaendelea kesho, na hakuna leza inayokusubiri. Kwenye Linux tumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski zinazosumbua kusomeka:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Amri hiyo inachukua kwanza sehemu nzima na kuziruka zilizo ngumu. Namba 2048 ni ukubwa wa sekta moja ya DVD. Kisha:

`ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Hii inarudi kwenye sehemu zilizoshindikana tu, mara tatu. Faili la harusi.map ndilo linalokumbuka wapi pamesomeka na wapi bado, kwa hiyo usilifute. Unaweza hata kuihamishia DVD kwenye draivu ya kompyuta nyingine ukaendelea na faili zile zile; draivu hazifanani, na mara nyingi moja inasoma pale nyingine iliposhindwa.

Hatua ya 5: Itazame kabla ya kuichoma

Fungua ISO kwa VLC. Ruka mwanzo, katikati, mwisho. Bofya menyu. Kama keki inakatwa na picha inavunjika vipande, ni bora uione sasa kuliko baada ya kuchoma nakala kumi za wajomba na mashangazi.

Kisha chukua alama ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likibadilika hata kidogo. Windows: `certutil -hashfile harusi.iso SHA256`. Linux: `sha256sum harusi.iso`. Iandike kwenye faili dogo la maandishi kando ya ISO.

Hatua ya 6: Choma

Funga kivinjari na kila kinachoandika kwenye diski kuu. Zima usingizi wa laptopu na uichomeke kwenye umeme; kama umeme wa kwenu ni wa kukatika na unatumia kompyuta ya mezani, bila UPS unacheza bahati nasibu. Chagua 4x au 8x. Kasi ya 16x ipo, lakini kwa DVD tupu za bei ya chini inaongeza makosa, na deki za zamani ndizo zinazoyaona. Kwa 8x DVD iliyojaa inachukua kama dakika kumi, si muda wa kuulilia.

Kwenye Linux: `growisofs -dvd-compat -Z /dev/sr0=harusi.iso`

Kwa nakala nyingi huna haja ya kusoma tena diski ya asili. ISO moja inatosha kwa nakala zote, na diski ya asili inarudi kwenye kava bila kuchakaa zaidi. Kwa mtu mwenye oda ya nakala ishirini, nafasi ile ya 4.38 inaokoa usomaji kumi na tisa.

Hatua ya 7: Hakiki

ImgBurn ina kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma, kiwashe. Hakihitaji nafasi yoyote ya ziada, kinalinganisha diski na ISO iliyopo. Kwenye Linux toa diski, irudishe, kisha:

`head -c $(stat -c %s harusi.iso) /dev/sr0 | sha256sum`

Alama ikifanana na ile uliyoiandika, nakala ni sawa. Sehemu ya head inahitajika kwa sababu diski iliyochomwa huweza kuwa na sekta tupu mwishoni zinazobadilisha alama.

Hatua ya 8: Rudisha nafasi yako

Uchomaji ukikamilika vizuri, programu nyingi hufuta faili lao la muda. Ukikatizwa na umeme au kwa kubofya kughairi, mara nyingi faili linabaki, nawe hulioni. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `%TEMP%`, panga kwa ukubwa, utazame kilicho juu. Faili la gigabaiti kadhaa lenye tarehe ya siku uliyokatizwa ndilo hilo. Angalia pia folda la muda la uchomaji wa Windows, liko ndani ya jina lako la mtumiaji kwenye `AppData\Local\Microsoft\Windows\Burn`. Hapo nimekuta vitu ambavyo mwenye kompyuta alikuwa ameshavisahau.

Lakini usiwe mwepesi kufuta ISO yenyewe. DVD za kuchoma zimetengenezwa kwa rangi ya kemikali inayofifia kwa joto, jua na unyevu, na ile ya asili unayoirudisha kwenye kabati inaendelea kuzeeka. Diski ya nje ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya ISO 200 za DVD zilizojaa. Zipe majina yenye mwaka na tukio, weka faili za alama pamoja nazo, na kila unaponunua diski mpya ya nje hamishia zote humo, uzipime alama tena, ndipo ile ya zamani uipangie kazi nyingine.